Mkaa Wenye Inzi

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Ripoti za wilayani zimefika, zimeloa mafuta ya taa tena. Nimezisoma huku nimebana pua. Mizoga. Tandala kadhaa na twiga jike, wamechunwa kando ya bwawa, utumbo ukatupwa majini. Maji yale yale wanayoteka watu. Nimechomeka pini kwenye ramani ya ukutani, kila mzoga na pini yake. Ni pini za fundi cherehani, nimenunua mwenyewe, maana ofisi yetu ya wanyamapori haina hata chaki. Mkuu wetu amepita akauliza suti ya ramani itakuwa tayari lini. Wenzangu wakacheka. Ananiita Bibi Takwimu.

Mchana ugali kwa dagaa. Minada ya ng'ombe bado imefungwa kwa sababu ya homa ya mapafu, mabucha matupu, Dodoma nzima inanuka dagaa. Nimewachoka.

Jumatano, 6 Oktoba

Saidi, dereva wetu, kanipeleka Nzuguni kwenye baa mpya. Nyama choma kibao. Ati ng'ombe. Ng'ombe kutoka wapi, na karantini hii? Nyama nyekundu mno, haina chembe ya mafuta, ina nyuzi kama kamba ya katani. Nilishameza kipande kabla akili haijafika. Nikamwambia Saidi hii ni nyamapori, akatema pale pale.

Mwenye baa anakaa mlangoni na kofia yake nyeupe, anamwita kila mwenye cheo "kaka". Tajiri wa zama hizi za ruksa, biashara huria. Juzi juzi alikuwa anauza mkaa.

Ijumaa, 8 Oktoba

Gulwe. Nimekunywa chai kwa Mama Sechelela, mjane anayeuza chai na maandazi pale stesheni. Nimekuwa nikimtembelea tangu mwaka jana. Haniambii mengi, ila akisema huwa ameona.

Leo amesema magunia ya mkaa yanayopakiwa treni ya mizigo ya Ijumaa yanajaa inzi. "Mkaa hauna damu, mwanangu. Sasa inzi wanataka nini?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. Yanakwenda Dodoma. Wapakiaji ni wa yule tajiri wa Nzuguni.

Ameomba kitu kimoja tu: jina lake lisitoke kinywani mwangu. Anaishi peke yake na mbuzi wake, nyumba yake iko mbali na za wenzake. Nimemwapia. Kwenye ripoti nimeandika "mtu wa Gulwe", basi.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimesimama mbele ya ramani asubuhi nzima. Mwanzoni nilidhani pini zimetawanyika ovyo. Kumbe zinafuata maji. Bwawa likikauka wanyama wanahamia linalofuata, na wenye bunduki nyuma yao. Sasa limebaki moja, nyuma ya vilima vya Gulwe. Na mizoga yote ni ya Alhamisi, ili nyama iwahi treni ya Ijumaa.

Kwa hiyo keshokutwa. Kwa mara ya kwanza tunaweza kufika kabla ya mzoga.

Mkuu amekubali kutoa gari. Si kwa ajili ya twiga. Wiki ijayo anakuja mgeni kutoka Dar es Salaam na hana cha kumwonyesha.

Ijumaa, 15 Oktoba

Tumewakamata jana alasiri, bunduki na magunia matupu, kabla hawajapiga hata risasi moja. Baadaye twiga walikuja. Walitanua miguu ya mbele wakanywa, wakaondoka. Nimeona kwa macho yangu. Sijawahi kuipenda kazi hii kama jana.

Leo nimeshaanza kukereka. Tuliowakamata ni vibarua, wembamba, malapa yamekatika. Hakuna anayetaja mwenye bunduki. Nimemwambia Mkuu nani ananunua, nikamwonyesha pini, treni, baa, karantini. Kasema nisichafue jina la mfanyabiashara anayelipa kodi.

Jumatatu, 18 Oktoba

Sherehe. Anataka sherehe. Hapo hapo Gulwe, na zawadi ya Raia Mwema kwa aliyetoa habari. Kataka jina. Nimekataa. Kasema elimu imenipa kiburi.

Akamwita Saidi, akamuuliza huwa tunasimama wapi tukiwa Gulwe. Saidi akajibu, kwa mama wa chai. Baadaye alikuja mezani kwangu, hawezi kunitazama. "Mkubwa akiuliza ningesemaje, dada?" Sina hasira naye hata kidogo.

Nimerudi kwa Mkuu. Nimemwambia yule mama watamdhuru. Kasema raia mwema hafichwi, anaonyeshwa ili wengine waige. Alikuwa anachokonoa meno akisema hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimetuma ujumbe kupitia kondakta wa treni: Mama Sechelela augue Jumamosi ya sherehe, alale asitoke. Sijui kingine cha kufanya.

Jumamosi, 23 Oktoba

Aliugua. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kumtoa kitandani, maana mgeni rasmi hawezi kusubirishwa.

Watoto wa shule walisoma ngonjera juani. Kisha Mkuu akashika kipaza sauti, akalitaja jina lake lote, na la marehemu mumewe, na nyumba yake iko upande gani wa reli, kusudi watu wajue shujaa ametoka wapi. Akalirudia ili walio nyuma wasikie. Mgeni rasmi akamwekea begani doti ya khanga. Picha. Mama alitazama chini muda wote. Hakunitafuta kwa macho, nami nilikuwa nimesimama karibu.

Tajiri wa Nzuguni alikaa mstari wa mbele, kofia nyeupe. Yeye ndiye aliyegharamia chakula. Pilau ya nyama. Karantini haijafunguliwa. Mgeni rasmi alilamba vidole, Mkuu akaongeza sahani. Tajiri alipiga makofi kuliko wote.

Sikula. Walinisema najidai. Nimerudi nyumbani nimeoga mara mbili, bado nasikia harufu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mbuzi wa Mama Sechelela wamekatwa mishipa ya miguu, wote, wakaachwa hai. Majirani ndio waliowamalizia asubuhi. Na meza yake ya chai imechomwa.

Polisi wameandika watu wasiojulikana. Mkuu kasema huo ni wizi wa mifugo, si idara yetu. Nimemwambia hakuna mbuzi aliyeibwa. Akaagiza chai.

Namchukia. Nachukia koti lake, kicheko chake, meno yake. Picha ya sherehe ameitundika ofisini, kando ya ramani yangu.

Ijumaa, 12 Novemba

Gulwe, kwa treni. Sikuaga ofisini.

Yupo. Amepata meza nyingine, ya mabanzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanimiminia chai kama anavyommiminia abiria yeyote. Nilimpa pole ya mbuzi. Akasema ahsante.

Treni ya mizigo ilikuwa haijafika. Magunia ya mkaa yalipangwa pale jukwaani, hatua chache kutoka tulipokaa. Niliyatazama. Na yeye aliona kwamba nayatazama.

"Siku hizi macho yamekuwa mabovu, mwanangu," akasema. "Hata treni siioni mpaka ipige honi."

Nilikunywa chai yote, ilikuwa na tangawizi nyingi. Alitoa ile khanga ya zawadi kwenye kikapu, bado mpya, akafunika maandazi. Inzi walikuwa wengi.