Wifi Yako Sasa Anakula Samaki Tu

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama jikoni, maana nakujua na goti lako lile mlivyo wakaidi nyote wawili. Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, wanaendelea kukua au wanaendelea kula tu? Sisi huku ni wazima. Nikisema wazima nina maana tunaamka, nafungua bucha, jioni nafunga. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Barua anakuletea wifi yako mwenyewe. Amesema anakuja kwako kupumzika. Nilimuuliza atarudi lini, akasema ataona. Dada, mimi na yeye tumeoana zamani sana, hajawahi kuniambia ataona. Kwa hiyo kabla hajakueleza yeye, nisikilize na mimi kidogo, halafu utuhukumu.

Unajua desturi yangu. Kila jioni, kabla sijaosha gogo la kukatia nyama, huweka pembeni kipande cha nyumbani. Si mabaki, ni sarara au mbavu, kile ambacho wateja wamekiomba kutwa nzima nikawaambia kina mwenyewe. Nakifunga vizuri, naingia nacho ndani, namkabidhi mke wangu. Mimi maneno matamu sikujaliwa, wewe ni shahidi. Wenzangu wanaandika mashairi, mimi naleta mbavu.

Basi jioni moja akanirudishia kifurushi mkononi bila kukifungua. Akasema ameacha nyama. Ya ng'ombe, ya mbuzi, hata kuku. Atakula samaki, na mboga, na nafaka. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Kama ni daktari, akasema si daktari. Kama ameona ndoto, akacheka kidogo, akasema anajaribu tu. Nikajua litapita. Nikakila kile kipande peke yangu.

Halikupita. Na ubaya wenyewe, duka la samaki linatazamana na bucha yangu, kati yetu ni barabara tu. Kwa hiyo mke wa mwenye bucha, mchana kweupe, anapita mbele ya kulabu zangu na kikapu, mkia wa samaki unachungulia nje. Wateja wakaanza. Fundi cherehani wa jirani akaniuliza, huku akijifanya anachagua maini, kama kuna jambo kuhusu nyama yangu ambalo wa nyumbani wanalijua na wao hawalijui. Nilimpimia maini yake nikacheka naye, lakini nilitamani kumpimia na kofi.

Hayo ya wateja ningeyavumilia. Kilichoniua ni mwenye duka. Tunamwita Mapezi. Mtu mrefu, anapiga mluzi, aproni yake nyeupe tangu asubuhi mpaka jioni, wakati mimi ikifika saa nne tu naonekana nimetoka vitani. Wifi yako akienda pale harudi upesi. Nikiwa kwenye gogo langu namwona anainamia meza, Mapezi anafunua shavu la samaki kwa kidole, anamwonyesha, wanazungumza, kisha mke wangu anacheka. Anacheka, dada, kicheko kile chake cha kufunika mdomo. Siku moja nilikuwa namkatia mama mmoja paja huku macho yangu yakiwa ng'ambo, nikaupondaponda mfupa mpaka akaniuliza kama namkatia nyama au kuni. Sitakuficha, wivu ulinila. Nililala nao na kuamka nao.

Nikavuka barabara. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yakiwa tayari. Mapezi akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akasema mke wangu hana neno naye isipokuwa maswali. Anataka kujua samaki mbichi anajulikanaje, yupi wa kukaanga, yupi wa mchuzi, chumvi inaingia lini. Akasema sasa amekuwa mjuzi, anachagua mwenyewe, wala yeye Mapezi hawezi tena kumuuzia samaki wa jana. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama sijagundua hivyo nyumbani. Bora angeniambia anamtongoza. Miaka yote nimeshika kisu, mke wangu hajawahi kuniuliza swali hata moja kuhusu nyama. Nikarudi bucha nikiwa mdogo kama kidonge.

Hapo nikapata akili, au nilidhani ni akili. Nikaacha nyama na mimi. Usimwambie mtu, hata shemeji, maana nitafunga bucha. Mwenye bucha asiyekula nyama ni sawa na kinyozi mwenye nywele timutimu. Nikawa nakula samaki wake jioni, kimya kimya, nikijishusha mezani. Naye alifurahi, niliona. Alikuwa akinitazama natoa miiba kama mtoto anayejifunza kuandika, na mara mbili hivi alinitolea yeye.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa nakuandikia. Lakini moyo uliniambia kama Mapezi anajua samaki, na mimi naweza kujua. Nikawa nadamka, naenda soko la mbali nisikojulikana, nawauliza wauza samaki. Nimefunzwa macho, nimefunzwa mashavu, nimefunzwa kubonyeza tumbo. Nikangoja siku yangu.

Siku ikafika. Nilimkuta jikoni anaparua magamba, anaimba chini chini. Nikamsogelea, nikafunua shavu la yule samaki kwa kidole, nikanusa, nikabonyeza. Nikamwambia huyu ni wa jana. Nikamwambia na kisu anakishika vibaya, akilaze. Nilisimama pale nikingoja acheke kama anavyocheka ng'ambo.

Akaweka kisu chini. Akaniuliza, bila kupandisha sauti, kama hata kwenye samaki nimemfuata. Kisha akasema ambayo nadhani alikuwa nayo siku nyingi. Kwamba tangu nimuoe hajapika chungu cha nyama nisikifunue. Moto mwingi, moto mdogo, kipande hiki hakichemshwi, nani kakwambia utie chumvi sasa. Na kwamba hakuweza kunijibu, kwa sababu nyama ni kazi yangu na ninachosema ni kweli. Akasema ndiyo maana alitafuta chakula ambacho mimi sikijui. Alitaka apike chungu kimoja tu, akiweke mezani, aambiwe ni kitamu au si kitamu, kama watu wengine wanavyoambiwa na waume zao. Akanawa mikono, akazima jiko. Kesho yake akalishusha begi kutoka juu ya kabati.

Sasa dada, kuna jambo moja yeye halijui, na nisipolisema kwako sitalisema popote. Yule samaki hakuwa wa jana. Macho yake yalikuwa yanang'aa, mashavu mekundu, tumbo gumu. Alikuwa amevuliwa asubuhi ileile, na katika wote niliowashika kule soko la mbali sikuona mzuri kama yeye. Mke wangu alichagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Nilijua, nikasema ni wa jana, kwa sababu alimchagua kwa Mapezi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe pole. Nina ombi tu. Akifika, usimpikie nyama kwa kumheshimu mgeni. Mwache aende sokoni mwenyewe, achague mwenyewe. Wewe kaa mbali na jiko, goti hilo liwe ndiyo sababu. Akipakua, kula. Ikiwa ni kitamu, mwambie ni kitamu, uishie hapo. Nimejaribu kukumbuka kama mimi nimewahi kuishia hapo, sijakumbuka.

Nilitaka kukufungia mbavu, nikaacha. Asibebe harufu ya bucha safari nzima. Msalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba anawawekea mifupa ya supu.

Bahasha sikuifunga kwa gundi. Lakini unamjua wifi yako, ana adabu, hawezi kufungua barua ya mtu hata ikiwa wazi. Basi ukishamaliza kuisoma, isahau mezani ikiwa imekunjuliwa.

Ni mimi mdogo wako,
wa bucha