Leo Hatukai Kimya, Springi

Mwaka mmoja umetimia sasa, Springi, tangu ulale kwenye kochi la mteja usiamke. Mlango wa karakana umefunguliwa leo kama siku zote, na baba yako ndiye aliyetangulia kuingia. Alisalimia mbao, akasalimia cherehani ya dada yako, kisha akakusalimia wewe. Ni tabia aliyoianza ulipoondoka, na hakuna anayethubutu kumcheka.

Jina lako la kwenye vyeti tunalo, lakini nani alikuita hilo? Ulianza kuitwa Springi ulipokuwa ukiruka juu ya makochi ya watu huna hata meno ya mbele, na jina likakukaa ulipokua ukawa fundi wa kuzifunga hizo springi zenyewe. Uliweka misumari midogo mdomoni, ukaongea nayo humo humo, nasi tukakuelewa. Mama alizoea kusema kuwa iko siku utameza mmoja. "Nikimeza nitakuwa imara, Mama," ulimjibu, na hakuna msumari uliodondoka.

Hukuwahi kufunga tumbo la kochi bila kuingiza mkono mpaka kwenye kona zote. Hereni, vifungo, vitana, funguo, vyote uliwarudishia wenyewe. Jino la bandia la yule mwalimu mstaafu ulilifunga kwenye kipande cha mahameli kama zawadi ya harusi, mwalimu akacheka, akalisuuza na kulivaa papo hapo. Hata leo akipita hapa huuliza habari za mama yako.

Kisha ikaja zima. Tunaitaja kwa jina lake la mtaani kwa sababu kuificha hakukutusaidia kitu. Kwa macho ni majani makavu tu, yaliyopuliziwa kemikali ambayo hata anayeyauza hajui ni nini. Kipakiti cha jana kinamchekesha mtu. Cha leo, kutoka kwa muuzaji yuleyule, kinamzima angali amesimama, kiuno kimepinda na mate yanamtoka. Aliyekuonjesha ni rafiki yako Kamba, anayesuka viti vya kamba hapo jirani, siku ulipolalamika mgongo. Alikupa kwa nia njema, kama mtu anavyompa mwenzake kidonge cha kichwa.

Tukaanza kukupoteza nawe ungali upo. Pasi iliondoka, ikafuata redio, kisha kichwa cha cherehani ya dada yako, naye akakuta miguu ya chuma imesimama peke yake. Mjomba alisema la kuvunda halina ubani. Mama akamjibu, "Mimi sikuzaa samaki," akaenda kukuchemshia maji ya kuoga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na maji yale alikuchemshia kila siku, hata siku ulizomtukana.

Baba naye alikuhurumia kifundi. Kila ulipozimika karakanani alikubeba, akakulaza chali kwenye kochi laini kuliko yote, akakuwekea mto, akakufunika kwa shuka tunalokingia makochi vumbi. Kisha aliinua mkono, na nyundo zote zikanyamaza. Mteja akiingia alinong'onezwa, "Fundi amechoka, alikesha na kazi." Aliyekataa mchezo huo ni dada yako peke yake.

"Baba, huyu hajalala. Amezimika huyu. Tumpeleke hospitali."

"Mwache mwenzio apumzike. Una roho ngumu wewe."

Dada yako alilia, kisha akarudi kushona kwa mkono, maana cherehani ilikuwa haina kichwa.

Mara nyingi uliamka, ndiyo maana tukaamini kwamba kimya ni dawa. Asubuhi ile ukazimika tena. Baba akakulaza, akakufunika, akainua mkono. Ulikoroma kwa sauti nzito, nasi tukawa tunanyata huku na huku tusikusumbue. Mama alichungulia akasema, "Leo amepata usingizi mzuri." Ulipoacha kukoroma tulifurahi kuwa umetulia. Dada yako alipofunua shuka, midomo yako ilikuwa imeshabadilika rangi.

Muuguzi alituambia baadaye, bila kutulaumu, kwamba mkoromo ule ulikuwa pumzi inayotafuta njia. Mtu wa hivyo hulazwa ubavu, huitwa jina lake, hutikiswa, na msaada huitwa hapo hapo. Sisi tulikupa mto.

Baba hakula siku zile. Ulikuwa mwanawe wa pekee wa kiume, na mikono iliyokufunika ilikuwa yake. Tulimwambia ni mapenzi, akasema anajua kuwa ni mapenzi, na kwamba hilo ndilo linalomtesa.

Miezi michache iliyopita Kamba alianguka mlangoni petu. Kuna waliotarajia baba amruke tu apite, na pengine nasi tulitarajia hivyo. Hakumruka. Alimlaza ubavu palepale sakafuni, akapiga magoti, akamfokea sikioni. "Amka! Kamba, hapa hulali wewe! Nasema hulali!" Akawaamuru mafundi wagonge, wagonge chochote, huku dada yako akikimbilia gari. Kama kelele zile zilisaidia hatujui, ila Kamba alifika hospitali akiwa anapumua.

Alipotoka alikuja kuomba alale karakanani siku mbili tatu. Baba akamkatalia.

"Chakula utakula hapa. Kazi utafanya hapa, ukiwa macho. Ila kitanda chako kiko kule kwenye matibabu. Mimi kulaza watu nimeacha."

Kamba alimwita mzee katili, akaondoka akibamiza mlango. Sasa yuko kule kwenye matibabu, na kama atavumilia hatuwezi kukuahidi. Mama humpelekea sabuni na maneno makali, na vyote viwili anavipokea.

Jana mjomba alishauri kwamba leo, ndugu wakikusanyika karakanani, tusimame kimya kidogo kwa heshima yako. Baba alikuwa na misumari mdomoni, kama wewe. Akaitoa mmoja mmoja, akaiweka kiganjani.

"Kimya tulishampa," alisema, akashika nyundo.

Wanaokukumbuka ni baba yako, mama yako, dada yako ambaye sasa akisema jambo anasikilizwa, mjomba wako aliyekuja kumwomba mama radhi kwa lile neno lake, mafundi wenzako wote, na Kamba, aliyetuma ujumbe akiomba naye atajwe. Siku zote utakuwa nasi, Springi. Ukisikia kelele, ni sisi.