Utenzi wa Mama Umekuwa Pambo la Dirisha

Sahibu, salamu nitakupa baadaye. Utenzi wa marehemu mama yangu umekwisha.

Haukuliwa na mchwa. Umebandikwa kwenye chupa.

Mke wa mwanangu ameona simuni namna ya kupamba sebule: chupa tupu, gundi na karatasi kuukuu. Karatasi amezipata sandukuni mwangu, zile mama alizoandika kwa hati ya Kiarabu. Amezichana, akazibandika, akazipaka vanishi, akatia maua ya plastiki. Nimerudi kutoka msikitini nimezikuta zimejipanga dirishani kama maharusi. Vipande vingine vimesimama kichwa chini.

Nikainua chupa moja, nikasoma kwa sauti. Ubeti ukakatika katikati. Nikaizungusha chupa kuutafuta mwisho wake.

Akanitazama kwa mapenzi. "Baba, kumbe yanasomeka? Sisi tulidhani ni nakshi tu."

Nakshi tu, sahibu.

Nikauliza ulipo mwisho wa ubeti. "Labda kwenye ile niliyompa jirani. Lakini baba, si zimependeza?"

Zimependeza. Hilo ndilo lililonikata maini.

Nilitaka kukupigia picha uniunganishie beti, maana tunaozijua tumebaki wawili. Kisha nikakumbuka macho yako, na kwamba hata ujumbe huu mjukuu wako ndiye anayekusomea, naye hati ya Kiarabu haijui.

Chupa nimeirudisha mahali pake. Nimeigeuza tu, ili kipande chenye jina la mama kielekee ndani, ingawa humu ndani wa kulisoma ni mimi peke yangu.