Mkanda wa Sahani Umemkimbiza Mama Yangu

Bi Samiha, shikamoo. Nakuandikia nikiwa hapa Tanga mjini, naona haya lakini nimeshindwa, naomba unishike mkono. Nilifanya kazi Doha miaka sita kwenye mkahawa wa sushi wenye matawi kumi na moja, wali baridi na kipande cha samaki mbichi juu yake, sahani zinapita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka wenyewe, mtu anachukua anachotaka, asichotaka anakiacha kipite, hakuna wa kuulizana naye, nami nikajiapiza kwamba nikirudi nyumbani hoteli ya mama yangu, Bi Hasina, itakuwa hivyohivyo, halafu tufungue tawi Pangani na jingine Muheza. Basi nimerudi, fundi kaunga mkanda na mota, sasa chapati, maharage, samaki wa kupaka, vyote vinazunguka, watu wanajaa, wanapiga picha, na mama nikamwambia akae apumzike maana katembea kati ya meza zile miaka ishirini na minane, lakini badala ya kufurahi akanuna, na Jumatatu kafunga kanga zake kaenda kijijini Moa kwa dada yangu, anasema harudi mpaka mkanda ung'olewe, simu hapokei, na yote haya ni baada ya Mzee Hatibu, mteja wetu wa zamani, kuanguka wiki iliyopita na kulazwa, eti kwa kuwa alikula mchuzi wa ng'onda, wale samaki wakavu waliojaa chumvi, na yeye ana presha, sasa Bi Samiha, mimi nilimlazimisha? Si angeiacha sahani ipite? Aliyekaa naye anasema mzee alisema, "Sahani ya Bi Hasina imeletwa mbele yangu, nitaikataaje?" akala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nifanyeje mama arudi, na mkanda wenyewe naupenda?

Nasri, Tanga

Marahaba, Nasri. Pole, kususiwa na mama kunauma. Sasa nikuseme.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema umekwenda kumwangalia Mzee Hatibu. Sikupaona. Unauliza kama ulimlazimisha. Kwani wewe ulizaliwa wapi? Mtoto wa Tanga hujui kwamba mtu mzima wa hapa akiwekewa chakula mbele yake hakirudishi, hata kama ameshiba? Huko Doha mlaji hamjui mpishi. Hapa sahani imetoka jikoni kwa mama yako, mzee akaona anakaribishwa, akaona haya kukataa. Sahani tatu! Jamani, adabu nusura imuue.

Mama yako alipotembea kati ya meza, wewe uliona miguu inachoka tu. Mwenzio alikuwa anajua nani ana presha, nani ana sukari, nani amefiwa na hatakula mpaka abembelezwe. Kazi hiyo ukamvua siku moja, tena ukadhani umemfanyia hisani. Hata mimi ningenuna.

Sikwambii uung'oe mkanda. Hoteli kujaa ni riziki, na chapati haimdhuru mtu ikizunguka. Lakini mchuzi usipande tena juu ya mkanda huo; mchuzi upelekwe kwa mkono, na mpelekaji amuulize mtu hali yake kwanza.

Kesho asubuhi nenda hospitali. Usijitetee, usitaje mota wala fundi. Sema, "Baba, kosa ni langu, naomba radhi," kisha kaa naye, usikimbilie mlango. Ukitoka hapo ndipo upande gari la Moa. Ukifika usimwombe mama arudi, mpe habari za mgonjwa: amelalaje, amekula nini, dawa anapata. Mengine atayaanza mwenyewe.

Na usithubutu kubadilisha mpangilio huo. Ukifika Moa hujapita hospitali, mama yako atakuuliza neno moja tu, "Mzee Hatibu anaendeleaje?", nawe utarudi Tanga peke yako.