Mwili Wangu Si Mwili wa Kibonge

Nyumba ya nyuma ya dobi,
Jumapili mchana, mwezi wa nne.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yamepunguza ukorofi, na yule bibi unayemhudumia ameacha kukurushia vijiko. Sisi huku tupo, tunapumua. Nisingeandika kwamba hatujambo, maana ningeanza kwa uongo, na uongo ninao wa kutosha, utaukuta mbele.

Mvua haikatiki. Nguo za wateja hazikauki, tumezitundika hadi juu ya kaunta, na tajiri anagombana na kila anayekuja kudai shati lake. Mimi bado niko kwenye pasi. Afadhali, penye pasi pana joto.

Sasa nikueleze habari za mdogo wangu. Kwenye simu nilikwambia Kibonge anaumwa kifua. Sikumaliza kwa sababu mama alikuwa ameketi pembeni. Shangazi, mtoto ameisha. Ukiita "Kibonge" barabarani leo, watu watageuka kumtafuta huyo mnene unayemwita. Karakana yake ya kuchomelea mageti imefungwa, na mkewe ndiye anayemgeuza kitandani.

Aliacha dawa. Wewe ni shahidi, alipopimwa akakutwa na virusi alimeza vidonge vyake vizuri, akarudi kazini, hata wewe ukamsifu kwa kitambi. Kilichomponza ni mwili wangu mimi.

Unajua mume wangu alipofariki na mimi nikapimwa, nikakutwa navyo. Daktari wa kliniki akashangaa: virusi vimo, lakini ni vichache hata mashine inashindwa kuvihesabu, kinga yangu iko palepale, na kidonge sijawahi kuonja. Akanieleza kwamba watu wa namna hii wapo, wachache mno, hawafiki hata mmoja katika mia, mwili wenyewe unavibana visizaliane. Hakusema nimepona. Alisema nirudi kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa hata mwili kama huu unaweza kuzidiwa, na siku nikitaka dawa nitapewa.

Sijawahi kulifurahia jambo hilo. Nilimfulia mume wangu mashuka mpaka mwisho wake. Ugonjwa uleule ukamla yeye, mimi ukanipita. Nilitenda wema gani kumzidi? Mawifi zangu walinitazama msibani kana kwamba nimemwibia pumzi, na mara nyingine nikipiga pasi shati la mwanamume wa kimo chake najiona hivyohivyo.

Aliyefurahi ni mama. Wifi yako unamjua, mdomo wake hauna mlango. Akaanza kutamba kwamba ziwa lake halilei wanyonge, na kwamba aliyelinyonya haangushwi na vidudu. Kwake ilikuwa faraja tu, simlaumu. Lakini Kibonge aliyachukua maneno yale mazimamazima. Tumbo moja, ziwa moja, alimwambia mkewe baadaye, kama mwili wa dada unaweza basi na wangu unaweza, ila vidonge vimeufanya mvivu. Akaviacha ili uamke. Alikuwa akienda kliniki kama kawaida, anavipokea, anavimwaga chooni, anarudi kwenye mageti yake anapiga mluzi. Mficha maradhi kilio humfichua: tulijua siku alipoanguka karakanani.

Ni kifua kikuu. Daktari alimweleza taratibu kwamba mambo haya hayaendi kwa undugu, mapacha wenyewe wanaweza kutofautiana. Vidonge vya kifua akakubali, vile vingine akakataa katakata. Tumsubiri, eti, mwili ndio kwanza unajifunza kupigana. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilimfukuza, Shangazi. Nilimwambia atoke nje na methali yake.

Kesho yake nikaenda kwa daktari peke yangu, nikamwambia nataka kuanza dawa. Akaniuliza kulikoni, nikamweleza kila kitu. Akasema mwenye virusi yeyote anaruhusiwa kumeza, hata mimi, ila nikianza nisiache. Nikavipokea. Jioni nikaketi kitandani kwa Kibonge, nikafungua kichupa mbele ya macho yake, nikatoa kimoja.

"Na wewe, dada?"

"Na mimi. Mwili umeshindwa, mdogo wangu."

Alilia kama mtoto. Mtu asiyeweza kujigeuza ubavu alinishika mkono akaniambia pole, pole sana dada. Halafu akamwomba mkewe maji, akameza vyake vyote.

Tangu hapo tunameza pamoja kila jioni. Kama tumechelewa, sijui. Daktari hakuniahidi kitu, na usiku nikisikia kile kikohozi naogopa kuamka. Mama naye sasa ananililia mimi. Ananibakizia minofu, ananipapasa paji la uso nikitoka kazini. Hajui kwamba nilidanganya, mwili wangu uko vilevile. Siwezi kumwambia, maana likifika kwake limefika mtaa mzima, na Kibonge atavimwaga tena. Lakini inaniua kumwona mama yangu anajiandaa kuzika wawili.

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kibonge anasema atakupigia. Wewe anakusikiliza kutuzidi sote, na atakuuliza kama ni kweli mimi nimeanza kudhoofika. Nakupigia magoti, Shangazi, mwambie ni kweli. Mwambie umeisikia sauti yangu na haikukupendeza. Atakubembeleza umwambie kwamba dada yake atakuwa salama bila dawa. Usimpe neno hilo, hata akilia.

Ukishasoma, barua hii ichome.

Mke wa Kibonge anakusalimu. Yule tuliyemwona mlegevu siku ya harusi ndiye nguzo ya nyumba sasa. Wasalimie wote wanaokujali huko ugenini. Mungu akupe nguvu za mikono na usingizi mwema.

Mama naye anakusalimu sana, na amenituma nikuombe jambo moja: kila ukisali, unitaje mimi kwanza. Wewe mtaje Kibonge.

Ni mimi nikupendaye daima,
Binti wa kaka yako.