Nta ya Baba Masikioni Mwangu

Mpendwa mshauri,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka tangu Pentekoste: pumzi yangu mwenyewe, ile ninayovuta kabla ya kuanza wimbo. Nimeimba kwaya tangu darasa la nne na sikuwahi kuisikia. Siku hiyo niliisikia ikiingia, ikatulia, halafu sauti yangu ikapanda juu yake, na nusura nicheke katikati ya "Bwana utuhurumie". Naomba msaada wako, maana furaha hii imenigombanisha na watu ninaowapenda.

Nimemaliza kidato cha sita na ualimu, nasubiri kupangiwa shule, naishi hapa Misunkumilo kwa kaka yangu Method ambaye ni fundi redio. Kwaya yetu ina kinanda cha umeme, magitaa na spika kubwa kama makabati, na Mwalimu Telesphor anayetufundisha haishi kumwambia Anicet wa kinanda, "Ongeza, haisikiki!" wakati madirisha yanatetemeka. Mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo, na nikisimama mbele ya spika hizo sijisikii kabisa, kwa hiyo napiga kelele, na nikipiga kelele sauti inapishana na kinanda, na wanaume wa besi wananitazama kama mbuzi aliyeingia sakristia.

Ndipo nikawaza: kama kelele siwezi kuipunguza, niifungie nje. Baba yangu ni mrina asali kule Inyonga, alikuwa amekuja na bonge la nta, nikalilainisha kwa maji ya moto, nikatanguliza pamba yenye uzi sikioni ili nta isizame, nikaibana mpaka ikapoa, na ilipotoka ilikuwa na kona na mabonde yote ya sikio langu, la kulia halifanani na la kushoto, jambo ambalo sikulijua juu ya mwili wangu mwenyewe. Method aling'oa vispika vya hedifoni mbovu, tukavizika ndani ya nta, tukaweka kipande cha mrija wa kalamu cha kupitishia sauti, na waya mrefu tukauchomeka kwenye mikisa ya kwaya, ile mashine ya kuchanganya sauti. Baba alitutazama akasema, "Nta hii watu wanatengenezea mishumaa, nyie mnaivaa?" Kisha akaniambia niichemshe tena na kuichuja, kwa sababu ilikuwa bado na asali. Sikumsikiliza, nilikuwa na haraka ya kujisikia, na Pentekoste nikazivaa kwa mara ya kwanza.

Siku ya Sikukuu ya Ekaristi misa ilikuwa nje, chini ya turubai, jua kali. Nta ilipata joto ikaanza kunukia. Mimi nilikuwa nimefumba macho, kinanda kiko wazi kama maji, sauti yangu katikati ya kichwa, nzito kidogo kama naimba ndani ya mtungi, lakini yangu, na nikaimba ubeti mzima nikiwa na amani ambayo sijawahi kuipata. Nilipofumbua macho kwaya haikuwepo. Nyuki walikuwa wamenifuata masikioni, wenzangu wote wamekimbilia nyuma ya sakristia, na aliyebaki ni rafiki yangu Specioza peke yake, ananipepea kwa kitenge huku mdomo umeshavimba.

"Nimekuita mpaka koo limekauka," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa ndani ya masikio yangu, mshauri, na ukweli ni kwamba kulikuwa kuzuri.

Watu wa Ilembo, mtaa wa jirani, mpaka leo wananiita Mama Mzinga. Nacheka nao. Lakini mwezi ujao tunakwenda Tabora kurekodi kaseti yetu ya kwanza, na Mwalimu Telesphor amesema, "Josefina, chagua. Hayo madude au kwaya. Umekuja kuimba au kusikiliza mpira?" Bila kwaya mimi sijui ni nani. Bila nta narudi kupiga kelele, na kelele hiyo ndiyo itakayobaki kwenye kaseti.

Basi nimechagua. Nimeichemsha nta, nimeichuja kwa kitambaa, nimeifinyanga upya, kisha nikachoma spoki ya baiskeli motoni na kutoboa tundu dogo pembeni ili sauti za nje ziweze kuingia. Besi imepungua kidogo na ule mtungi umeondoka, na sasa namsikia Specioza akivuta pumzi upande wangu wa kushoto. Yeye alijaribu ya kwangu ikadondoka, haikumkaa hata kidogo, kwa hiyo nimemtengenezea za kwake. Jana mazoezini tuliimba hivyo sote wawili, na pale mwisho tulikata sauti pamoja bila kutazamana. Halafu nikamwambia Mwalimu Telesphor mbele ya kwaya yote kwamba nitakwenda Tabora nimezivaa au sitakwenda. Kwa dharau akaniuliza, "Umesemaje?" Nikarudia. Akauliza tena. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na nikaondoka.

Josefina,
Misunkumilo, Mpanda, Julai 1996

MSHAURI ANAJIBU

Josefina mwanangu,

Unabisha hodi ukiwa umeshakaa sebuleni na chai umeshamimina. Sawa, tunywe.

Kwanza nikupongeze. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Binti anayetaka kujisikia ili asiwapigie wenzake kelele hana kosa, na lile tundu ulilotoboa ndilo jambo la busara kuliko yote katika barua yako. Usilizibe.

Sasa nikukaripie. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Specioza pole. Sikupaona. Msichana amesimama kwenye nyuki kwa ajili yako, wewe umemlipa kwa nta! Nenda leo, kwa mdomo wako, umwambie.

Na Mwalimu Telesphor je? Mtu mzima ukimpa masharti mbele ya wanaume wa besi, unategemea arudi nyuma apitie wapi? Hapo ulikosa adabu, kidato cha sita au si kidato cha sita. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Umeniandikia kwamba haishi kusema "ongeza" wakati madirisha yanatetemeka. Umeniandikia kwamba alikuuliza "umesemaje" mara mbili. Wewe uliona dharau. Amekaa pembeni ya spika hizo miaka mingapi? Masikio yako umeyachunguza kona na mabonde, ya mwalimu wako hukuyafikiria.

Fanya hivi. Kabla ya yote, wewe na Specioza mwone mganga wa masikio hospitalini, awaonyeshe nta iishie wapi. Sauti iwe ndogo; sikio likianza kupiga filimbi, toa mara moja. Kisha chukua chupa ya asali ya baba yako, nenda nyumbani kwa Mwalimu, si mazoezini. Shikamoo, omba radhi, kaa upande ambao anakusikia. Umuulize taratibu kuhusu masikio yake, na akikubali umpeleke kwa mganga huyo huyo.

Mganga akiruhusu, pasha maji moto. Umtengenezee za kwake, na tundu usisahau. Mwache avute pumzi na aisikie. Habari ya Tabora mtaizungumza baada ya hapo, na nadhani atakayeianzisha ni yeye, kwa sauti ya chini.