Mkate wa Slava na Kidevu cha Dunja

Knjaževac, Serbia
18 Novemba 2019

Mpendwa Kaka Tihomir, uliye mkubwa wa nyumba yetu sasa. Nawe Wifi Anđelka. Nanyi wanangu Srećko na Ognjen:

Naomba barua hii isomwe kwa sauti, nyote mkiwa mezani. Hamjambo huko Adelaide? Mgongo wako, Kaka, umetulia? Sisi tu wazima. Theluji ya kwanza imeanguka, na jiko la kuni linavuma kama enzi za Mama.

Mvumo huo umenirudishia dada yetu Ruža. Unakumbuka alivyokuwa akikaa nyuma ya jiko kila slava, sikukuu ya mtakatifu wetu, na taulo kumi na mbili zilizotariziwa uzi mwekundu kando yake? Udenda ulimtoka tangu asubuhi, na Mama akazibadilisha taulo moja baada ya nyingine. Wengine walipokwisha kuuzungusha mkate wa slava mikononi mwao na kuubusu, Mama alimpelekea kipande kule kule.

Mwaka mmoja, ukiwa na miaka kumi, ulimbeba mpaka mezani, bega lako likilowa. Bado namsikia Baba: "Mrudishe! Atautia mate mkate mtakatifu!" Nawe ukamjibu: "Na yeye ni wa nyumba hii!" Ukafukuzwa uani bila koti.

Mjukuu wangu Dunja, mwenye mtindio wa ubongo kama Ruža, ametimiza miaka tisa. Nami niliyedhani nimemzidi Baba kwa elimu, nilikosa. Daktari alikuwa amempa kiraka cha dawa cha kubandika nyuma ya sikio, kipunguze mate. Asubuhi ya slava ya mwaka jana, kwa kuwaogopa wageni, nikabandika cha pili. Kidevu kilikauka, naam, lakini na midomo ikakauka, macho yakalegea, akalala fofofo mkate ukizungushwa mbele yake. Tulimkimbiza hospitali. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mkate uko wapi, Bibi?"



Milunka, mtaalamu anayewafundisha watoto kumeza, alinikalisha chini. "Bibi Desanka, mtoto huyu hana mate mengi kuliko yako. Kumeza ndiko kunakochelewa. Sasa wewe unamkausha kama pilipili za kutundika ukutani!" Tukaanza upya. Dunja hukaa wima, miguu ikikanyaga sakafu, kichwa kisiiname. Hunywa kwa mrija, hujizoeza kufunga midomo, na humeza kabla ya kusema. Kidevu hakisuguliwi tena. Hukaushwa kwa kugusagusa, kisha hupakwa mafuta. Kiraka ni kimoja tu, kama alivyoagiza daktari.

Mate hayajaisha, wala sitawadanganya. Ila taulo kumi za kutwa zimekuwa nne. Juzi binamu yetu Vidoje alimpakata, akapiga kelele, "Mama wee, umeniharibia shati!" Dunja akameza kwanza, ndipo akasema: "Lilikuwa chafu, Babu." Tulicheka mpaka Vidoje mwenyewe akatokwa na udenda.

Msalimieni Shangazi Kosara, na mwambieni mbegu zake za maua zimeota. Mungu awalinde, na Mtakatifu Nikola aiangalie safari ya kila mmoja wenu.

Sasa sikilizeni tulivyoamua huku. Tarehe 19 Desemba, siku ya slava yetu, Dunja atakaa mezani. Mikono yake itakuwa ya kwanza chini ya mkate, na midomo yake ya kwanza kuubusu, mate yawepo yasiwepo. Anayeona kinyaa na abaki kwake. Shingoni atavaa taulo ya mwisho ya Ruža, niliyoikuta sandukuni.

Saa sita mchana ya huku, nanyi mmekwisha kula chakula cha jioni, tutawapigia simu ya video. Mkate hautazungushwa mpaka wewe, Kaka, usimame mbele ya wanao, uyaseme tena maneno yale yaliyokufukuzisha uani.

Dada yako akupendaye tangu enzi za jiko lile,
Desanka